Magari tisa pale Kona

Chumba changu cha kwanza Marekani kilikuwa juu ya jiko la mwanamke mjane, mtaa wa Corktown, mjini Detroit, na kilikuja na kazi ambayo haikuandikwa kwenye mkataba. Siku za mechi nilitakiwa kusimama barabarani na kibao cha boksi, kupunga mkono, na kuingiza magari tisa kwenye ua ambao mtu mwenye akili zake angeingiza sita. Kila siku ya mechi nilikatiwa kidogo kwenye kodi. Mwanafunzi hana maringo. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Ilikuwa 1996. Nilikuwa nimetoka Ilala, Dar es Salaam, nyumba ambayo ukikaa barazani unasikia kelele za Uwanja wa Karume, kwa hiyo kuishi jirani na uwanja halikuwa jambo geni kwangu. Kilichonipa shida ni mchezo wenyewe. Besiboli. Jioni ya kwanza nilitazama saa nzima nikisubiri waanze, kumbe walikuwa wanacheza.

Mama mwenye nyumba (jina hilo la Mama alilikataa mwezi mzima, "mimi sikukuzaa," kisha akaanza kuitika) alisimama na aproni kwenye ngazi za nyuma na kuhesabu magari kwa lugha ya wazazi wake, waliotoka Malta. Corktown ni mtaa uliopewa jina na Waayalandi wa Cork, lakini baada yao walikuja Wamalta kwa wingi, na Wameksiko, na Michigan Avenue bado ilikuwa na klabu ya Wamalta. Mechi tatu za mwanzo sikuisikiliza ile hesabu. Ya nne, nikiwa nimeinama kwenye dirisha la gari la mtu, sikio likanasa: "...sitta, sebgħa, tmienja, disgħa."

Sita, saba, kitu fulani, tisa.

Nikageuka. Nikamhesabia kwa Kiswahili, moja mpaka kumi, na nilipofika sita akashika kiuno. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia hizo ni zetu. Akasema hapana, ni zao. Tulibishana mpaka dereva akapiga honi. Baadaye chuoni niliambiwa kwamba Kimalta ni binti wa Kiarabu, na sisi Waswahili ni wakopaji wake wa zamani, na hata ile tmienja iliyonipita niliikuta imelala ndani ya themanini. Tangu siku hiyo sita, saba na tisa tulizihesabu kwa pamoja kwa sauti, na wateja walituona wendawazimu.

Gari la tisa ndilo lililokuwa na mambo. Lilifunga njia ya mengine yote. Kwa hiyo funguo zote zilibaki kwetu, ndani ya kopo la kahawa, na mimi nilipaswa kuwa uani kabla mechi haijaisha ili kupanga upya lile fumbo mtu yeyote anapotaka kutoka. Hapo ndipo ulipo ubaya wa kazi ile. Magari yakishajaa nilikimbia, nikanunua tiketi ya mabenchi ya jua, ya bei ya sahani ya chakula, nikaona mechi kuanzia mzunguko wa pili au wa tatu kati ya tisa. Mzunguko wa saba ukiisha, narudi mbio. Misimu mitatu na ushee sikuwahi kuona mechi hata moja ikimalizika. Miisho yote niliisikia nikiwa uani, kopo mkononi: mlio kutoka ng'ambo ya paa, kisha redio ikanieleza mlio ule ulikuwa wa nini.

Nafasi ya kukaa ilikuwepo. Mwaka ule wa 1996 Detroit Tigers, timu ya uwanja ule, walipoteza michezo 109 kati ya 162. Anayeshabikia timu ya mtaani kwao anajua maana ya hilo, hatuna haja ya kuzungumza zaidi.

Uwanja wenyewe ulikuwa pale Michigan Avenue inapokatana na Trumbull. Jina rasmi ni Tiger Stadium, lakini wenyeji walisema Kona tu, na ukielewana na Kona umekuwa mwenyeji. Besiboli ilichezwa kwenye kipande kile cha ardhi tangu 1896, kwanza katika kiwanja cha mbao kilichoitwa Bennett Park, kilichowekwa juu ya soko la zamani la majani ya farasi. Wazee walihadithiana kwamba mawe ya sakafu ya soko yalikuwa yakichomoza kwenye udongo na kuruka nayo mipira. Jengo la chuma na zege lilifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912 kwa jina la Navin Field, siku ileile uliyofunguliwa uwanja wa Fenway Park kule Boston, siku tano baada ya Titanic kuzama. Lilipanuliwa mpaka likafunga pande zote, likaitwa Briggs Stadium mwaka 1938, kisha Tiger Stadium mwaka 1961. Likaingiza watu wapatao 52,000.

Nje halikuwa na uzuri wowote. Kuta kubwa tupu, kama ghala la pamba. Unaingia gizani, unapita kwenye korido nyembamba zenye harufu ya vitunguu vya kukaanga, bia iliyomwagika na mkojo, unapanda ngazi, na ghafla umefunguliwa nyasi za kijani zenye mwanga wa jua la jioni. Kila aliyefika pale atakusimulia zile ngazi. Nami nimesimulia.

Sasa niseme kuhusu nguzo, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Jukwaa la juu lilibebwa na nguzo za chuma zilizosimama katikati ya watazamaji wa chini. Ukikalia kiti kibaya, nguzo inakuficha mrushaji au inakuficha mpigaji, na kwa kuwa besiboli ni mrushaji dhidi ya mpigaji, umelipia nusu ya ugomvi. Waliotaka uwanja mpya walizitaja nguzo hizo kila mara. Walikuwa wakweli. Lakini nguzo ndizo zilizowezesha jukwaa la juu kuwa juu ya jukwaa la chini barabara, badala ya kusukumwa nyuma. Upande wa kulia jukwaa la juu lilichomoza hata likaning'inia juu ya uwanja kwa futi kama 10, na mpira uliokuwa unaelekea mikononi mwa mdakaji ulidakwa na sakafu ya jukwaa kabla haujamfikia. Mtu wa tiketi ya bei ndogo, juu kabisa, alisikia wachezaji wakitukanana. Nimekaa kwenye viwanja vingi vipya visivyo na nguzo. Unaona kila kitu, na kila kitu ni kidogo kama sisimizi.

Vituko vingine vilikuwa vya kwao peke yao. Mlingoti wa bendera wenye urefu wa futi 125 ulisimama ndani ya uwanja, katika eneo la kuchezea, kule nyuma ambako ukuta ulikuwa futi 440 kutoka kwa mpigaji. Zama za Ty Cobb, nyota wa zamani wa Tigers, watunza uwanja walimwaga maji mbele ya kituo cha mpigaji ili mipira aliyoigusa kidogo tu kwa gongo ikwame kwenye tope. Na juu ya mlango wa chumba cha timu ngeni kulikuwa na kibao kilichosema, ukikitia kwa Kiswahili: Chumba cha wageni, wageni hawaruhusiwi. Nilikipigia picha nikaituma nyumbani. Baba alijibu kwa barua kwamba huo ndio muhtasari wa ubalozi alioniombea viza.

Niliujifunza mchezo kwa televisheni na redio za jikoni kwa Mama. Mtangazaji alikuwa Ernie Harwell, mzee wa kusini mwenye sauti ya mtu anayekusimulia akiwa amekaa, aliyeanza kuwatangaza Tigers redioni mwaka 1960; nilipofika alikuwa kwenye televisheni, na mwaka 1999 akarudi redioni. Mpira ukiangukia majukwaani, Harwell alisema umedakwa na bwana mmoja kutoka Ypsilanti, au bibi kutoka mji fulani mdogo wa Michigan. Niliduwaa: amejuaje? Mama alicheka mpaka akavua miwani. Hajui, alisema, anabuni tu, miaka yote anabuni. Mimi niliyekua nikisikiliza mechi za Simba na Yanga kupitia Radio Tanzania nilimwelewa papo hapo. Mtangazaji wa redio ana deni kwa walioko mbali, na analilipa kwa alichonacho.

Mabenchini nilizoea kukaa jirani na mzee mmoja Mmarekani mweusi, mstaafu wa kiwanda cha magari, aliyeandika kila tukio la mchezo kwa penseli kwenye karatasi ya vijisanduku. Siku moja nilimuuliza kama baba yake ndiye aliyemzoesha kuja. Akasema baba yake hakutia mguu pale mpaka anakufa. Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu ya besiboli, aliingia mwaka 1947. Tigers hawakumchezesha mtu mweusi mpaka Juni 1958, walipomleta Ozzie Virgil wa Jamhuri ya Dominika. Ni Boston peke yake iliyochelewa zaidi. Miaka yote ya Walter Briggs, tajiri aliyeupa uwanja jina lake, hakuna hata mmoja. Baba wa yule mzee alikuwa akienda Hamtramck kuwatazama Detroit Stars wa ligi ya weusi. Mwenyewe alianza kuja kwa ajili ya Willie Horton, kijana wa hapohapo Detroit, ambaye Julai 1967 mji ulipolipuka kwa ghasia alitoka uwanjani na jezi yake mwilini, akaenda kusimama juu ya gari katikati ya umati na kuwasihi watu warudi majumbani. Hawakurudi. Watu 43 walikufa. Mwaka uliofuata Tigers wakachukua ubingwa, na watu wakawa wanasema ubingwa ule uliuponya mji. Mzee hakuinua macho kwenye karatasi yake. "Ulitupa kitu cha kuzungumza," alisema.

Ila kuna siku moja baba yake angekuja, aliniambia, kama angekuwa hai. Tarehe 28 Juni 1990, miezi minne tu baada ya kutoka jela, Nelson Mandela alihutubia makumi ya maelfu ya watu pale Kona, baada ya kuwatembelea wafanyakazi wa kiwanda cha Ford cha River Rouge. Akawasomea maneno ya wimbo wa Marvin Gaye, mwimbaji wa Motown, uwanja ukapagawa. Nilirudi nyumbani nikimuuliza Mama kama anaikumbuka siku hiyo. Anaikumbuka sana. Aliegesha tisa, na mmoja wa wateja alilia kwenye ngazi zake kabla ya kuchukua ufunguo.

Nisije nikaupaka uwanja rangi ya peponi. Corktown niliyoikuta ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mji ulibomoa sehemu kubwa ya mtaa ili kupisha eneo la viwanda. Lakini uwanja nao ulikula nyumba zake. Watazamaji walipohamia vitongojini na kuanza kuja kwa magari, nyumba ya Kona ilikuwa na faida zaidi ikiwa chini: unaibomoa, unamwaga kokoto, unakuwa na maegesho. Nyumba ya Mama ilikuwa na majirani wawili wa aina hiyo. Kazi yangu ya kibao cha boksi ilikuwa mabaki ya mlo huo, na nilikula kwayo.

Timu ilikuwa imeanza kuzungumza kuhusu kuhama kabla sijafika. Mashabiki waliunda chama chao mwaka 1987, na tarehe 20 Aprili 1988, siku ya kuzaliwa uwanja, walishikana mikono kuuzunguka wote, wakaukumbatia. Walileta hata mchoro wa kuukarabati kwa gharama ndogo kuliko ya kujenga upya. Timu ikauzwa kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa piza kwenda kwa mwingine, Tom Monaghan kwa Mike Ilitch, mwaka 1992, na uwanja mpya ukaamuliwa ujengwe katikati ya mji.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumatatu, tarehe 27 Septemba 1999, dhidi ya Kansas City Royals. Asubuhi Mama alilichukua kopo la kahawa, akaliweka kwenye mfuko wa aproni. "Leo unakaa mpaka mwisho," akasema. Nikamuuliza nani atapanga magari. Akasema ameyapanga tangu kabla sijazaliwa.

Tulikuwa watu 43,356. Mzunguko wa nane, mwenyeji anaongoza, vituo vyote vitatu vina watu, akaingia kijana anayeitwa Robert Fick. Kwa msomaji asiyejua: mpira ukipigwa ukavuka ukuta, mpigaji na wote walioko kwenye vituo wanarudi nyumbani bila kusumbuliwa, kwa hiyo pigo moja hapo ni alama nne. Fick aliupiga ukapanda upande wa kulia, ukapanda tena, ukagonga paa la jukwaa la juu, ukarudi uwanjani kama uliosahau kitu. Ile kelele niliizoea kuisikia kutoka uani, imechujwa na kuta. Kuwa ndani yake ni jambo jingine. Niliisikia kwenye meno. Mchezo ukaisha 8 kwa 2. Kisha wachezaji wa zamani wakatoka mmoja mmoja, na jezi, wengine wakichechemea. Mark Fidrych, mrushaji aliyeupagawisha mji mzima kiangazi cha 1976, alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye kichuguu cha mrushaji, akapiga magoti, akazoa udongo akautia mfukoni. Bendera ikashushwa, ikapitishwa mkono kwa mkono. Kituo cha mpigaji kikang'olewa kupelekwa uwanja mpya. Harwell akaaga. Taa zikazimwa.

Nilirudi nyumbani saa tatu na kitu usiku. Ua ulikuwa mtupu. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, redio imezimwa, kopo kwenye mapaja.

Uwanja mpya, Comerica Park, ulifunguliwa Aprili 2000, una bembea la kuzunguka la watoto na sanamu za chui-milia, ni mzuri. Kona ikakaa tupu karibu miaka tisa. Nilihama kwa ajili ya kazi, Mama akahamia kwa binti yake Dearborn. Viti viliuzwa kwa mnada mwaka 2007, na tarehe 30 Juni 2008 mashine zikaanza.

Nilimchukua siku moja kiangazi hicho tukaegesha Trumbull. Hakutaka kushuka. Mkono wa mashine ulikuwa ukiuma jukwaa taratibu, kama mtu asiye na njaa, na mwanya ulikuwa umeshafunguka ukutani. Kupitia mwanya ule tuliona nyasi. Miaka aliyoishi mtaa ule, zaidi ya 50, hakuwahi kuziona nyasi zile akiwa barabarani, bila tiketi. "Kumbe ziko karibu hivyo," akasema. Kipande cha katikati, kilichobaki cha ule uwanja wa 1912, kilisimama mwaka mzima watu wakichangisha fedha za kukiokoa. Hazikutosha. Septemba 2009 kazi ilikwisha.

Kilichobaki kilikuwa uzio, magugu yaliyofika kifuani, na mlingoti wa bendera, ambao haukuguswa. Mei 2010 Ernie Harwell alifariki, na mwezi huohuo watu wachache wakaingia na mashine zao za kukatia nyasi, wakaanza kusafisha. Polisi waliwatoa. Wakarudi. Walikata nyasi kila wiki, kwa mafuta yao wenyewe, mpaka kichuguu na mistari ikaonekana tena, na watu wakaja na glavu na watoto. Wengine walifunga ndoa pale. Wengine walileta majivu ya baba zao. Nilikwenda mara mbili, na mara ya pili nikapewa reki bila kuulizwa jina.

Tangu 2018 pana uwanja wa vijana, na nyumba za ghorofa na maduka vimezunguka ile kona. Nyasi ni za plastiki. Waliokuwa wakikata zile za kweli walilipinga hilo kwa nguvu zote na wakashindwa. Sina neno kwa watoto wanaocheza pale, wanafurahi. Hatua chache chini ya Michigan Avenue, Ford imelifufua lile jengo la stesheni ya treni ya Michigan Central, lililokuwa gofu tangu 1988, likafunguliwa tena Juni 2024, na bei za nyumba Corktown sasa zinasomwa mara mbili.

Nilipita Agosti iliyopita. Nyumba ya Mama imepakwa rangi nyeusi, mtindo wa siku hizi, na uani wamepanda lavenda. Nilisimama kando ya njia nikipima kwa macho yale yaliingiaje tisa. Gari la buluu likapunguza mwendo, dirisha likashuka, mwanamke akaniuliza kama hapa mtu anaweza kuegesha. Anakwenda mgahawani, alisema, na programu ya kulipia maegesho kwenye simu imemgomea. Palikuwa na nafasi finyu kati ya magari mawili upande wa pili. Nikajikuta nimeshashuka barabarani, mkono juu, namwambia akate usukani kulia, arudi, arudi kidogo, basi.

"Itatosha?" akauliza.

"Hiyo ni nafasi ya magari mawili," nikamwambia.

Akacheka, akadhani ni mzaha.